Kukimbia kwa mapigo ya moyo: mwongozo kamili wa kujenga stamina ya mbio ndefu

Wakimbiaji wengi wa vikundi vya jogging mijini wana tatizo moja: mazoezi yao yote yana kasi moja. Jumanne wanakimbia wakihema, Alhamisi wanakimbia wakihema, Jumamosi wanatoka na kikundi na kuhema zaidi kwa sababu hakuna anayetaka kuachwa nyuma. Baada ya miezi mitatu muda wao wa kilomita 10 umegoma pale pale, magoti yanauma, na wanaanza kuamini kwamba uwezo wao umeishia hapo. Kumbe stamina yenyewe hawajaanza kuijenga. Kinachokosekana ni mazoezi mepesi ya kweli, na kipimo kisichodanganyika kirahisi kuhusu wepesi huo ni mapigo ya moyo.

Kwa hiyo saa ya mapigo ichukulie kama breki. Kazi yake ya kwanza si kukusukuma bali kukuzuia siku ambazo miguu ina hamu na wenzako wanakupita.

Sababu iko ndani ya mwili. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, vimishipa vidogo vya damu vinaongezeka kwenye misuli, na mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza chakula kuwa nguvu kwa msaada wa oksijeni, zinaongezeka pia. Misuli inazoea kuchoma mafuta na kuiweka akiba ya sukari kwa ajili ya kilomita za mwisho. Mabadiliko haya yanataka saa nyingi za kukimbia wiki baada ya wiki, na saa nyingi haziwezekani kama kila zoezi linakuacha hoi mpaka kesho kutwa. Kasi ya kati ina hasara ya pande mbili: inachosha mno kurudiwa kila siku, na haina ukali wa kutosha kuinua kasi yako ya juu.

Kabla hujaanza, muone daktari kama umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, kama una presha au kisukari, kama umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukifanya kazi nzito, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana. Vipimo vya kujipima vilivyoelezwa hapa chini vinaupeleka moyo karibu na kikomo chake, kwa hiyo hatua hii usiiruke.

Kifaa: mkanda wa kifuani, saa, au vidole

Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, na ndio sahihi kuliko vingine. Una vipande viwili vya raba au kitambaa maalumu vinavyogusa ngozi. Vilowanishe kwa maji kabla ya kuvaa, kisha ufunge mkanda chini kidogo ya misuli ya kifua. Kwa mwanamke, chini tu ya ukingo wa sidiria. Ubane kiasi kwamba hauteremki ukiruka mahali pamoja, lakini unaweza kuvuta pumzi ndefu bila kubanwa.

Mkanda ukisoma 200 au zaidi dakika tano za kwanza ilhali unatembea tu, mara nyingi vile vipande ni vikavu, au fulana ya kitambaa cha sintetiki inapepea na kuzalisha umeme tuli. Lowanisha tena na uvae fulana inayobana. Usomaji ukikatika katikati ya mbio na kurudi, angalia betri, kwa kawaida ile ya duara ya CR2032, kabla ya kulaumu mkanda. Ukimaliza, bandua kile kidude kinachotuma mawimbi kutoka kwenye mkanda, maana kikiachwa kimeshikana na kitambaa kibichi kinaendelea kula betri. Suuza mkanda kwa maji safi kila siku na uufue kwa sabuni laini mara moja kwa wiki. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua mikanda mingi, na pwani inaua haraka zaidi.

Saa ya mkononi inatumia taa za kijani kuangalia jinsi damu inavyojaa na kupungua chini ya ngozi. Ikivaliwa vizuri inatosha kwa mazoezi mepesi. Isikae juu ya mfupa wa kifundo. Ipandishe upana wa vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko na uibane kidogo kuliko unavyoivaa ofisini. Kosa lake kubwa ni kuchanganya mapigo ya moyo na mishindo ya miguu. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Ukiona saa inaandika mapigo 170 na wewe unaongea sentensi nzima bila shida, linganisha na idadi ya hatua: zikifanana, saa inahesabu miguu. Simama nusu dakika, ibane upya, ianze kusoma tena. Asubuhi za baridi, kama Iten, Mbeya au Lushoto, mishipa ya ngozi hujikunja na saa huchelewa kushika. Ivae ndani ya mkono wa sweta mpaka mwili upate joto.

Iko pia sensa ya taa inayofungwa kwenye mkono wa juu au chini ya kiwiko. Hutulia kuliko saa kwa sababu sehemu hiyo ina nyama zaidi na haichezi sana. Mwenye bajeti ndogo asikimbilie saa mpya ya bei kubwa: mkanda wa Bluetooth unaosomwa na programu ya simu, simu ikiwa mfukoni, utampa namba nzuri zaidi.

Bila kifaa kabisa, simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, au upande mmoja tu wa shingo bila kukandamiza. Hesabu mapigo kwa sekunde 10, zidisha kwa 6. Anza kuhesabu mara tu unaposimama kwa sababu mapigo hushuka haraka. Ukikosea pigo moja katika hesabu hiyo, umekosea mapigo 6 kwa dakika, kwa hiyo njia hii itumike pamoja na kipimo cha maongezi kinachofuata baadaye.

Kupata namba zako mwenyewe

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Saa mpya ukishaiingizia umri, mara nyingi inakadiria mapigo yako ya juu kabisa kwa hesabu ya 220 kutoa umri, kisha inagawanya zoni, yaani viwango vya ukali wa mazoezi, kutoka hapo. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Hata ile iliyoboreshwa mwaka 2001, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inaweza kupotea kwa mapigo 10 au zaidi kwa mtu mmoja mmoja, juu au chini. Watu wawili wa umri wa miaka 38 wanaweza kuwa na mapigo ya juu ya 172 na 196, wote wazima kabisa.

Unahitaji namba tatu.

Ya kwanza ni mapigo ya mapumziko. Pima asubuhi ukiamka, kabla ya kushika simu na kabla ya chai, ukiwa bado umelala chali. Kama unabanwa na haja ndogo, nenda, rudi, lala dakika tano, ndipo upime. Hesabu dakika nzima. Fanya siku saba, chukua namba ya katikati.

Ya pili ni mapigo ya juu. Pima siku uliyolala vizuri, hujakimbia sana jana yake, na usiwe peke yako. Pasha mwili dakika 20, tano za mwisho ukiongeza kasi kidogo kidogo. Tafuta mlima usio mkali sana wa kupanda dakika tatu mfululizo. Panda mara ya kwanza kwa nguvu ya wastani, shuka ukitembea au ukikimbia taratibu. Panda mara ya pili kwa nguvu zaidi, shuka. Mara ya tatu anza kwa nguvu ile ile ya pili, na sekunde 40 za mwisho toa kila ulichonacho. Namba kubwa utakayoiona, pale au sekunde chache baada ya kusimama, ndiyo ya kutumia. Usiikubali namba iliyoruka ghafla kwa pigo moja na kurudi, hilo ni kosa la kifaa. Dar es Salaam penye uhaba wa milima, daraja refu au ngazi za uwanja zinafaa.

Ya tatu, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ni mapigo ya kizingiti: kiwango ambacho ukikivuka, uchovu unajilimbikiza haraka na huwezi kuendelea muda mrefu. Baada ya kupasha mwili, kimbia dakika 30 peke yako kwa kasi kubwa unayoweza kuishikilia mpaka mwisho. Zikipita dakika 10, bonyeza kitufe cha mzunguko (lap) kwenye saa. Wastani wa mapigo ya dakika 20 zilizobaki ndio kizingiti chako. Wengi huharibu kipimo hiki kwa kuanza kama mbio za mita 800. Ukiona dakika ya 20 unaburuta miguu, rudia baada ya wiki. Usifanye kipimo hiki na kile cha mlima katika wiki moja.

Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 38 mwenye mapigo ya mapumziko 58, ya juu 194 aliyoyapima mlimani, na kizingiti 172.

Njia ya Karvonen, iliyotokana na utafiti wa Kifini wa mwaka 1957, inatumia akiba ya moyo: mapigo ya juu kutoa ya mapumziko. Kwake ni 194 – 58 = 136. Mwendo mwepesi ni asilimia 60 hadi 70 ya akiba hiyo, ukijumlisha tena mapigo ya mapumziko:

136 × 0.60 = 82; 82 + 58 = 140
136 × 0.70 = 95; 95 + 58 = 153

Kwa njia ya kizingiti, mwendo mwepesi unaishia kwenye asilimia 89 ya kizingiti: 172 × 0.89 = 153. Njia mbili zimekutana, na hiyo ni dalili njema kwamba vipimo vilikwenda sawa. Zikiachana kwa mapigo zaidi ya sita au saba, rudia kipimo unachokitilia shaka, na kwa sasa tumia namba ndogo.

Sasa angalia kama angetegemea umri tu. 220 – 38 ni 182, akiba inakuwa 124, na kikomo cha mwendo mwepesi kinatua 145. Angejibana mapigo nane chini ya anavyostahili na kuchoka na mpango mzima ndani ya wiki mbili. Kwa yule mwenzake mwenye mapigo ya juu ya 172 kosa ni la upande wa pili, na ni baya zaidi: angeambiwa 145 ni mwepesi wakati kwake tayari ni kazi.

Saa inakupa zoni tano zenye rangi. Usijisumbue nazo zote. Mkimbiaji anayejenga stamina anahitaji mistari miwili tu: kikomo cha mwendo mwepesi, kwa mfano wetu 153, na kizingiti, 172. Chini ya mstari wa kwanza ndipo unapoishi siku nyingi za wiki. Kati ya mistari hiyo unaingia kwa makusudi, si kwa kuteleza.

Kuiandaa saa

Ingia kwenye mipangilio ya zoni za mapigo na ufute namba za kiwandani. Andika mapigo yako ya juu, ya mapumziko na ya kizingiti kwa mkono. Zima kipengele kinachobadilisha mapigo ya juu chenyewe, la sivyo siku saa itakaposoma 209 kwa kosa, zoni zote zitahama bila wewe kujua. Weka kengele ya kutetemesha mkono ukivuka kikomo; kwa mfano wetu iweke 151, siyo 153, ili upate nafasi ya kupunguza kabla ya kuvuka. Kwenye ukurasa wa mbio weka mapigo ya sasa, wastani wa mapigo wa mzunguko, na muda. Kasi iondoe kabisa kwa wiki nne za kwanza. Ikibaki pale utaitazama, na ukiitazama utaifukuzia.

Zoezi jepesi linavyokwenda

Tembea kwa mwendo wa haraka dakika tano, kisha anza kukimbia kwa hatua fupi, polepole kuliko unavyoona inafaa. Dakika 10 za kwanza baki mapigo 10 hadi 15 chini ya kikomo. Moyo huchelewa kuitikia: ukiongeza kasi sasa hivi, namba inakufuata baada ya nusu dakika hadi dakika nzima. Anayesubiri kengele ndipo apunguze anakuwa anapanda na kushuka njia nzima. Jifunze kusikia pumzi inapobadilika, punguza hapo.

Kipimo cha maongezi kinathibitisha. Unapaswa kuweza kusema sentensi nzima yenye maneno kumi au zaidi bila kuvuta hewa katikati. Ukiweza maneno matatu manne tu, namba iseme isemavyo, umepita kikomo. Na kama saa inasema umepita lakini unaweza kumsimulia mwenzako habari za nyumbani bila kukatika, kishuku kifaa kwanza.

Kwenye mlima, tembea. Hili linawauma wengi kuliko zoezi lenyewe, hasa wakiwa na kikundi. Lakini kupanda kwa kukimbia kunakuvusha kikomo ndani ya sekunde 30, na kushuka kwa mapigo mpaka chini tena kunachukua dakika kadhaa. Tembea mapema, mapigo yakiwa bado yako chini, na ukifika juu anza kukimbia kabla hujapumzika kabisa.

Anayeanza anaweza kukuta hata kasi ya dakika 9 kwa kilomita inamvusha. Atumie mchanganyiko: kimbia mpaka mapigo matatu chini ya kikomo, tembea mpaka yashuke 20, rudia. Vipande vya kukimbia hurefuka vyenyewe wiki kwa wiki. Wengi huona mabadiliko ya wazi kati ya wiki ya sita na ya kumi, na wengi huacha wiki ya tatu, ndiyo maana nasisitiza tarehe ya kipimo cha maendeleo, kilichoelezwa mwishoni, iandikwe kwenye kalenda mapema.

Mwenye kikundi cha jogging cha Jumamosi asikihame. Atoke na watu wa nyuma, au aanze dakika 15 kabla ya wenzake, au siku hiyo aifanye ndiyo siku yake ngumu ya wiki.

Wiki kumi na mbili

Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa stamina wa kiwango cha juu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Kwa anayekimbia siku tano, hesabu inakuja vipindi vinne vyepesi na kimoja kigumu. Mpango huu unamfaa anayeweza tayari kukimbia na kutembea dakika 40.

Wiki 1 hadi 4, kila kitu ni chepesi. Jumanne, Jumatano na Ijumaa dakika 40, Jumamosi dakika 30, Jumapili mbio ndefu ya dakika 60 ikiongezeka dakika 10 kila wiki kwa wiki tatu. Ijumaa, baada ya kumaliza, ongeza vipande sita vya sekunde 20 vya kasi laini, ukitembea dakika moja na nusu katikati. Hivyo ni vya kuweka miguu sawa, mapigo usiyaangalie. Wiki ya 4 punguza muda wote kwa theluthi moja na ufanye kipimo cha maendeleo.

Wiki 5 hadi 8, Jumanne na Ijumaa zinakwenda dakika 50, na mbio ndefu inafika dakika 100. Jumatano inakuwa ngumu: pasha mwili dakika 15, kimbia vipande viwili vya dakika 10 kwa asilimia 95 hadi 99 ya kizingiti, yaani 163 hadi 170 kwa mfano wetu, ukikimbia taratibu dakika 3 katikati, kisha poza mwili dakika 10. Dakika tatu za kwanza za kila kipande mapigo yatakuwa bado yanapanda, usikaze kuyafukuzia. Shika kasi moja uyaache yafike yenyewe. Wiki ya 8 punguza tena.

Wiki 9 hadi 11, Jumatano vipande vitatu, mbio ndefu dakika 110 hadi 120. Wiki ya 12 ya mashindano, nusu ya kawaida.

Vipande vifupi vya mita 200 au 400 visiendeshwe kwa mapigo hata kidogo. Vinaisha kabla moyo haujafika, na anayetaka kuiona namba kubwa mwisho wa mita 400 atakimbia mwanzo kwa kasi asiyoweza kuirudia.

Joto, na namba zinazopanda zenyewe

Ukikimbia saa moja na nusu kwa kasi ile ile, mapigo hupanda taratibu ingawa hujaongeza chochote. Jasho linapunguza maji kwenye damu, damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwenye joto na unyevunyevu wa Januari hadi Machi, kupanda kwa mapigo 10 hadi 20 katika mbio ndefu ni jambo la kawaida. Jasho halikauki, kwa hiyo halipozi.

Ufanyeje? Toka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kunywa kabla ya kiu. Siku za kawaida tii kikomo na ukubali kasi ishuke. Katika theluthi ya mwisho ya mbio ndefu ruhusu mapigo matano juu ya kikomo, mradi kipimo cha maongezi bado kinapita. Kisipopita, malizia kwa kutembea.

Kupanda huko kunaweza kutumika kama kipimo cha stamina yenyewe. Siku ya ubaridi, njia tambarare, kimbia dakika 60 ndani ya mwendo mwepesi baada ya kupasha mwili, kisha gawa mara mbili. Tuseme dakika 30 za kwanza umekwenda mita 4,300 kwa wastani wa mapigo 144, na za pili mita 4,250 kwa mapigo 150. Mita kwa dakika gawanya kwa mapigo: 143.3 ÷ 144 = 0.995, na 141.7 ÷ 150 = 0.944. Umepungua kwa asilimia 5 hivi. Chini ya asilimia 5, msingi wako kwa muda huo uko imara na unaweza kurefusha mbio. Ikifika asilimia 8 au 10, baki hapo hapo wiki mbili tatu zaidi kabla ya kuongeza, na usiingize siku ya pili ngumu.

Mwinuko nao una yake. Mtu wa pwani akienda Eldoret au Iten, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, atakuta mwendo wake mwepesi unamletea mapigo mengi zaidi siku za mwanzo, huku mapigo yake ya juu kabisa yakishuka kidogo. Wiki ya kwanza atumie pumzi, na namba zake za nyumbani asizitumie kupangia siku ngumu.

Namba zikienda kombo

Mapigo ya mapumziko yakipanda matano hadi saba juu ya kawaida kwa asubuhi mbili mfululizo, pumzika au tembea tu. Yakipanda 10 pamoja na mwili kuuma, kapime malaria na usikimbie "kutoa jasho". Kukimbia na homa kunaweza kuuingiza ugonjwa kwenye misuli ya moyo.

Namba zilizo chini kuliko kawaida zinawadanganya watu zaidi. Kama miguu ni mizito, unajikaza, na mapigo yanakataa kupanda hata kwenye siku ngumu, usifurahie kwamba umeimarika. Uchovu umerundikana. Chukua siku tatu hadi tano nyepesi kabisa.

Kahawa, miraa, usingizi mfupi, pombe ya jana na msongo wa kazini vyote hubadilisha mapigo. Wanawake wengi huona yamepanda kidogo katika wiki za mwisho kabla ya hedhi. Kasi ikishuka siku hizo kwa mapigo yale yale, stamina haijapotea. Mjamzito aachane na zoni, atumie maongezi na ushauri wa mkunga au daktari wake. Wanaotumia dawa za presha za aina ya atenolol, propranolol au bisoprolol wana moyo uliozuiwa usipande, hivyo hesabu zote za hapo juu haziwahusu. Nao watumie maongezi, wala wasiache dawa ili saa isome vizuri.

Ramadhani, mwenye kufunga aweke mazoezi mepesi dakika 30 hadi 40 yakiisha karibu na adhana ya Magharibi, na siku ngumu, kama ataiweka, saa mbili baada ya futari. Mchana mapigo yatakuwa juu kwa upungufu wa maji, na hakuna mafunzo ya kupata humo.

Simama papo hapo ukibanwa kifua, ukisikia kizunguzungu, maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, au moyo kudundadunda bila mpangilio baada ya kupunguza mwendo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kupima maendeleo, na siku ya mashindano

Kila wiki nne rudia zoezi moja: njia ile ile tambarare, saa ile ile ya siku, viatu vile vile. Pasha mwili dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 ukishikilia mapigo yaliyo matano chini ya kikomo, 148 kwa mfano wetu, na uandike muda wa kila kilomita pamoja na hali ya hewa. Kama mara ya kwanza ulitumia dakika 38 na sasa dakika 36 kwa mapigo yale yale, hayo ndiyo maendeleo unayoyatafuta. Kipimo cha kizingiti rudia kila wiki nane. Kile cha mapigo ya juu mara moja kwa mwaka kinatosha.

Siku ya mashindano namba zitakuwa juu hata kabla ya kuanza, kwa wasiwasi na kelele za watu. Usiogope mapigo 110 ukiwa umesimama. Kwa nusu marathoni, kilomita tano za kwanza baki angalau mapigo matano chini ya kizingiti, hata kama kila mtu anakupita. Nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi inapanda nusu ya kwanza kuelekea Mweka, kisha inashuka kurudi mjini: kwenye mpando fuata mapigo na usahau kasi, na kwenye mteremko fanya kinyume chake, kwa sababu mapigo yatashuka huku mapaja yakipokea kipigo kikubwa zaidi. Kuanzia kilomita ya 16, kama hujabanwa na hakuna dalili mbaya, zima kengele ya saa na ukimbie kwa nguvu iliyobaki.